Nyumba na Ihame

...na wasimharakishe, komeo kalitia mwenyewe na mwenyewe atalitoa, kama atalitoa, wacha Lindor agonge mlango mpaka ngumi zimvimbe, ni mwanawe huyo, kamzaa chumba hikihiki, hatakuja leo kumfundisha namna ya kutoka nyumbani kwake, "Mama, moto umeshauzima?" anauliza, hajauzima wala hana haja ya kuuzima, jiko la chuma linanguruma na birika limeanza kuimba, nje maksai wamefungwa nira jozi kwa jozi wanapumua mvuke, kamba zimekazwa kwenye magogo yaliyosukumwa jana chini ya sakafu, nusu ya kisiwa imekuja kuivuta nyumba yake mpaka juu kilimani, maana bahari inaumega ukingo, na kweli inaumega, majira ya baridi yaliyopita banda la kuku lilikwenda na mvua na kulipokucha kuku walikuwa wanaelea... hilo hakatai, si kichaa yeye, ni yeye aliyekwenda mlango kwa mlango kuomba watu, kama desturi inavyotaka, mwenye nyumba aombe kwa mdomo wake na asilipe mtu ila awashibishe, akakuna viazi vya mikate hadi vidole vikachubuka, akachoma nguruwe mzima, yote kafanya Uberlinda, na leo asubuhi mzee Arsenio, kiongozi wa maksai, alipojaribu kamba, nyumba ikalia, ikalia kama mtu aliyeshikwa mkono asipotaka, naye akasema ngoja nichukue shali, akaingia, akatia komeo.

"Bi Uberlinda," huyo ni Arsenio, mpole, mpole kama anaongea na ng'ombe mgonjwa, "nyumba haivutwi na mtu ndani, mama, wala na moto jikoni, wewe mwenyewe unajua," anajua, alikuwa na mimba ya Lindor walipovuta nyumba ya akina Barría, na Eladio alikuwa mbele, kashika fimbo, shati wazi, kila msichana anamtazama, Eladio huyohuyo ambaye mwezi uliofuata alisimama gatini na gunia begani, anakwenda Patagonia, upande wa Ajentina, kukata kondoo manyoya kama walivyokwenda wanaume wote, akasema "Usihame, Linda, nikirudi nikukute hapahapa," naye akasema utanikuta, alikuwa na miaka ishirini, mimba inamtemesha mate kila dakika, angesema nini, na neno ni neno, atarudi aone nini sasa, shimo la bahari, aulize mawimbi mke wangu yuko wapi... kiti chake kile pale dirishani, kinatazama gati, hajakikalia mtu, hata padre alipokuja kula alipewa benchi. "Bi Uberlinda!" Clorinda huyo, jirani, hana dogo, "pombe ya matufaha inaisha huku, wanaume wakilewa watakuvutia nyumba mpaka Ajentina!" na kicheko, na sauti ya mwanamume, "Labda ndiko anakotaka," na mwingine anamnyamazisha, shii, maana wanajua wote, toka Remigio aliporudi kutoka kukata manyoya akaketi hapa kwenye benchi akala supu yake yote kwanza, ndipo akasema shangazi, nimemwona Eladio, ana nyumba huko, paa la bati jekundu, ana mke, mabinti wawili, akamjibu "Umemfananisha," akamwongezea supu.

Hakumfananisha. Haya, kalisema, na paa halijamwangukia... Remigio alimkuta na kovu lake kidevuni, hakumfananisha, na yeye alilijua hilo kabla supu haijapoa, akalimeza, akaendelea kusema atarudi, atarudi, mpaka Lindor akaota ndevu. Daima, ndivyo alivyosema Eladio kanisani, na padre akasema milele, na wale waliokuja na malori kujenga ukuta wa mawe ufukweni wakasema huu sasa ni wa kudumu, mama, lala usingizi, ukuta ukaenda majira ya baridi ya pili, mdomo wa mwanamume mwepesi jamani, umesema milele huku mguu uko kwenye boti, na nani basi aliyedumu, nani, vigae vya mbao alivyopigilia Eladio vimeoza vyote, kavibadilisha kimoja kimoja yeye, kapanda ngazi na sketi imefungwa kiunoni, sakafu kaibadilisha, mlango kaubadilisha, komeo hili kalinunua yeye, humu ndani cha Eladio kimebaki kiti tu, na moto huu aliuwasha nani kila kulipokucha, si Eladio. Alidhani anamngojea mtu. Alikuwa anakaa kwake, ndiyo hivyo tu, na mtu anayekaa kwake haombi ruhusa ya aliyeondoka, wala hafungwi na neno ambalo mwenziwe alilitupa baharini siku hiyohiyo, hasira inampanda sasa, hasira tamu, ya moto, imemchelewea miaka yote hii na haidhuru.

"Mama, maksai wanachoka," Lindor tena, sauti imeanza kumpasuka, anadhani mama yake analia humu, maskini, na Arsenio anamnong'oneza ampe nafasi, anaagana na mumewe, mwache aagane. Mumewe gani? Uberlinda akatia kuni mbili jikoni, akalisogeza birika lisije likamwagika njiani, akakiendea kile kiti, akakipangusa vumbi kwa upindo wa sketi, akakigeuza kikaipa gati mgongo, kikatazama kilima, akakaa. Kilikuwa kigumu, kinayumba mguu mmoja. Nje wanangoja bado, kamba zimekazwa bado, ngumi za Lindor ziko mlangoni bado, na komeo liko palepale alipolitia. Wavute au wasivute, wakubaliane wenyewe. Nyumba na ihame. Yeye hahami, yumo ndani, na moto unawaka.