Malkia Aliyepimwa

Kiangazi kilimwachia mume wangu Nyamai mzinga mmoja tu, gogo lililochongwa na babake, lenye alama ya ukoo. Mingine yote nyuki waliihama. Huo mmoja aliupenda kuliko sisi, na simlaumu, haukuwa unamjibu.

Hapa kwetu Ikutha mizinga ni ya wanaume. Mwanamke akiipita karibu anaambiwa atafukuza nyuki. Kwa hivyo nyuki wa mzinga huo walipopungua sikuulizwa. Nilisema tu kutoka jikoni kwamba maua hakuna, hata mimi nimepungua, wawekewe maji ya sukari. Nyamai akasema malkia amezeeka, mbegu zimemwishia.

Hayo ya mbegu aliyatoa kwa binti yetu Kaveke, anayefanya kazi kwenye maabara ya utafiti wa nyuki. Malkia, alituambia, hukutana na madume ujanani tu, kisha huweka mbegu zao kwenye kifuko tumboni na kuzitumia polepole hadi uzeeni. Kaveke hupima DNA ya madume iliyo kwenye kifuko, akajua akiba iliyobaki. Ila malkia lazima afe kwanza. Akamwomba babake angoje kwanza mvua ilete maua. Nyamai ni shemasi. Kungoja huwahubiria wengine.

Alipanda mtini na moshi, akashuka na malkia ndani ya kiberiti, akampeleka maabara mwenyewe.

Jibu lilikuja kwa simu.

"Baba, kifuko kilikuwa kimejaa. Angetaga miaka mingi bado."

Nyamai akauliza kama malkia anaweza kurudishwa.

"Tulimsaga, Baba."

Nyuki walilea malkia mwingine, lakini kwa ile njaa madume hawakuwepo popote. Malkia asiye na mbegu hutaga tu, na kila yai lake hutoka dume. Kaveke alipotueleza hilo nilienda nyuma ya nyumba nikacheka. Halafu nikalia, maana Nyamai alikuwa ameacha kula.

Jana aliteremsha mzinga, akaniita niuone, mimi mwanamke. Ndani mlikuwa na madume watupu, wanene, wakitembeatembea juu ya masega makavu. Dume hachumi maua, hulishwa. Majike waliokuwa wakiwalisha walikuwa wamekwisha.

"Mama Kaveke," akasema, "nimeua mzinga wa baba."

Nikamwambia ndiyo, kisha nikamshika mkono.