Kifurushi Chenye Mke Wangu Ndani

Mwaka ule baridi iliingia kwetu bila hodi. Msiseme natia chumvi: hata vijiko kabatini vilikuwa vinalala vimekumbatiana. Hita ilikula umeme kutwa kucha, na joto lote likapenya kwenye nyufa za madirisha kwenda kuwapasha majirani, ambao hawakuwahi hata kusema asante.

Mke wangu, magoti yakimuuma, akatoa neno la mwisho.

"Baba watoto, Ijumaa upepo ukinipuliza tena miguu, nahamia kwa kaka. Kwake hakuna hata ufa."

Huyo kaka yake, shemeji yangu, ni fundi milango, na ana maringo yasiyoenea katika mlango wowote aliowahi kuuchonga. Akaja, akapitisha mshumaa kandokando ya dirisha. Mwali ukalala chali.

"Shemeji, hii siyo nyumba, ni chujio. Niachie mimi."

"Ukome! Miaka thelathini na moja nimefunga vifurushi vya posta. Halijawahi kuingia hata vumbi."

"Haya, ila acha tundu la hewa."

"Kifurushi chenye tundu umekiona wapi?"

Alhamisi asubuhi mke wangu alijilaza sebuleni na blanketi lake. Mimi nikaingia kazini: sponji kwenye kila ufa, juu yake gundi ya silikoni. Madirisha, mlango wa nyuma, mlango wa mbele, hadi tundu la ufunguo. Nikaizunguka nyumba mara mbili kama nilivyozoea kuzungushia vifurushi kamba, kisha nikaupiga mlango kofi la muhuri.

Hapo ndipo jasho liliponitoka, na baridi ile! Kifurushi hufungwa kwa nje. Nami nilikuwa nje, nimevaa kandambili. Mkebe wa silikoni ulisema isiguswe kwa saa ishirini na nne.

Nikagonga dirisha. Mke wangu akaja bila blanketi, mashavu yanang'aa. Nyumba ilikuwa imekaza kiasi kwamba alipopiga chafya, mapazia yote yalivimba kama matanga.

"Mama watoto, nabandua!"

Kioo kilikuwa na mvuke. Akaandika kwa kidole, tena kinyumenyume, ili nisome vizuri: USIGUSE. Chini yake: HITA NIMEZIMA.

Nikaenda kwa shemeji. Alicheka mpaka akakalia kopo la vanishi. Usiku huo nililala kwake, mimi mwenyewe, katika chumba alichokuwa amemtandikia dada yake.

Ijumaa akabeba keekee, akatoboa tundu la hewa juu ya mlango wa mbele, na joto likatoka fyuu, likanipiga usoni. Nikapanda kwenye stuli, nikaweka viganja vyote viwili tunduni niote joto.

"Nani huyo anaziba tundu langu?" sauti ikatoka ndani.

"Mimi, mume wako!"

"Hamia kwa kaka mpaka gundi ikauke vizuri."

"Saa zimeshatimia!"

Nikasikia kochi likilia, mtu anajigeuza upande wa pili.

"Ongeza nyingine ishirini na nne," akasema, "kwa usalama."