Fundi Makochi Anatafuta Kadi

Fundi Makochi alikuwa mtu wa pesa mkononi. Hakuwahi kukopa hata kiberiti, na alikuwa akijisifu kwa hilo mbele ya yeyote aliyekubali kusimama kumsikiliza. Nami nasema alikuwa na haki ya kujisifu, maana wangapi kati yetu tunaweza kusema hivyo bila kukohoa? Lakini dunia ina vituko. Siku alipokwenda kwa msimamizi wa jengo kuomba chumba cha kufanyia kazi, sifa hiyo hiyo ndiyo iliyomponza.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya chini, na mlango wake ulipitisha kochi la watu wanne bila kulilaza ubavu. Ukimwona fundi wa makochi anaupapasa mlango mpana, mwache, yuko mbinguni. Miaka yote yeye na mkewe walikuwa wakifanya kazi kwenye gereji ya kupanga: mume anavua vitambaa vilivyochakaa na kubadilisha sponji na mikanda, mke anashona kava. Sasa gereji ilikuwa imeuzwa, na mmiliki mpya alitaka waondoke mwisho wa mwaka. Wasipopata pengine, cherehani kubwa ya mke ingeuzwa, na Fundi angerudi kuajiriwa kwenye kiwanda cha samani, kwa yule bosi aliyekuwa akimwita kwa kupiga vidole.

"Historia yako ya mikopo iko wapi?" msimamizi alimuuliza.

"Sina," Fundi akajibu, kifua mbele. "Mimi sijawahi kudaiwa."

"Basi hatukujui."

"Hamnijui vipi, nami sidaiwi na mtu?"

"Ndugu yangu, kama hujawahi kukopa, mimi nitajuaje kama unalipa?"

Jamani, ungejibu nini?

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alimwambia atafute kadi ya mkopo yenye jina lake, anunue vitu vidogo vidogo, alipe kwa wakati, halafu arudi na miezi yake michache iliyo safi. "Nitakushikia chumba mpaka mwisho wa mwaka," alisema. "Lile kochi la mama yangu ulilitengeneza, likatengenezeka."

Basi Fundi akakusanya vipeperushi vya benki, akavitandaza juu ya meza ya kukatia vitambaa. Kulikuwa na kadi ya rangi ya dhahabu, ukiichukua unapewa begi la safari. Kulikuwa na nyingine inayokurudishia kidogo kila ukijaza mafuta ya gari, naye gari lake lilikuwa mkokoteni. Moja ilikuwa ya duka la vyombo vya umeme, moja ya ushirika wa akiba, na moja haikueleweka kabisa, ila picha yake ilikuwa nzuri.

"Chagua moja," mkewe akamwambia.

"Moja?" Fundi akacheka. "Kwani nimesahau kazi yangu?"

Na hapa lazima niwaeleze, maana bila hili mtamdhania mjinga, naye si mjinga. Watu wa makochi wana namna yao ya kuagiza. Ukitaka sponji nzito, huagizi duka moja ukakaa kusubiri huku mteja anakupigia simu. Unaagiza maduka yote. Atakayewahi kuleta ndiye unayemlipa, wengine unawaambia samahani ndugu yangu, safari nyingine. Hakuna anayenuna, ndivyo biashara ilivyo. Basi Fundi naye akaomba kadi zote tano, wiki moja, akarudi kwenye misumari yake roho kwatu, akingoja nani atawahi.

Wote walimkataa, mmoja baada ya mwingine, kwa maneno ya adabu yanayofanana.

Alipokwenda ushirika wa akiba kuuliza kulikoni, dada wa dirishani alitazama kompyuta yake, akamtazama yeye, akashika shavu. "Baba, kila unapoomba kadi, wakopeshaji wote tunaona. Mtu asiye na historia anaomba kadi tano wiki moja! Sisi tumedhani maji yamekufika shingoni, unatafuta pa kushika."

"Mimi nilikuwa nalinganisha tu."

"Ungelinganisha kwa kusoma, Baba, si kwa kuomba. Sasa tulia kwanza, vumbi litue."

Kutulia! Mwaka haukuwa ukimngoja atulie. Jioni hiyo Fundi aligusa chakula akakiacha. Mkewe aliposikia habari ya maombi matano alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaitazama cherehani yake, na kicheko kikageuka kilio. Kesho yake, bila kumwambia mume, akaenda kwa mama yake.

Kati ya watu wote duniani! Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu, mwenye maneno machache na macho yasiyopepesa. Wakati wa posa aliuliza swali moja tu: "Huyu kijana anaamka saa ngapi?" Tangu hapo Fundi hakuwahi kukaa vizuri mbele yake. Hata kwenye kiti alichokiwamba kwa mikono yake mwenyewe, alikalia ukingo.

Bibi huyo alikuja siku ya pili yake, akapita katikati ya makochi yaliyovuliwa nguo, akasimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nasikia umetawanya maombi kama mtu anayealika harusi."

Fundi alitamani ardhi ipasuke.

"Kadi yangu ina nafasi ya mtu wa pili," Mama mkwe akaendelea. "Nitakuandika wewe. Utapewa yenye jina lako, na kulipa kwangu kwa miaka yote kutaonekana na kwako."

"Mama, hapana. Nikiteleza, jina litakalochafuka ni lako."

"Basi usiteleze," alisema, na kwake mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Kadi ilipokuja, Fundi aliishika kama kifaranga. Alinunulia uzi. Alinunulia pini na gundi. Kila mwezi, kabla siku ya kulipa haijafika, alikuwa mlangoni kwa mkwewe na pesa kamili mkononi, jasho linamtoka utadhani anakimbizwa.

"Fundi, ungeweza kulipa kwa simu," Mama mkwe alimwambia mara ya kwanza.

"Najua, Mama. Nataka uone."

"Haya, nimeona. Ingia unywe chai."

Akaingia, akakalia ukingo. Mwezi uliofuata akaingia tena. Polepole maneno yakaanza kutoka: habari za watoto aliowapokea usiku wa mvua, habari za wateja wanaoficha makombo kwenye makochi. Siku moja Mama mkwe alicheka, kicheko chenyewe hasa, na Fundi akajikuta ameegemea. Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe, "Kumbe mama yako ana mambo!" Mkewe akasema alikuwa akimwambia hivyo tangu zamani.

Vumbi lilipotua, dada wa dirishani alimwita aombe kadi yake mwenyewe. Moja tu, akasisitiza. Safari hii Fundi alisoma mpaka maandishi madogo ya chini. Ile ya dhahabu ilikata ada kila mwaka, upewe begi usipewe. Ya duka ilikuwa na riba ya kukutoa roho. Akachagua ile ya ushirika: unaweka akiba yako, wanaifunga, wanakukopesha kiasi hicho hicho, hakuna ada, na ukilipa vizuri wanakufungulia. Haikuwa na picha nzuri. Walimkubalia, na kabla mwaka haujaisha msimamizi alisoma taarifa zake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamkabidhi funguo. Mke wa Fundi aliipapasa ile cherehani kubwa, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo.

Fundi hakutaka kuwa mzigo. Kesho yake alikwenda benki ya Mama mkwe, akaomba jina lake litolewe kwenye kadi, maana sasa anayo yake.

Karani alikuwa mtu wa makamo aliyemjua Mama mkwe siku nyingi. "Mpaka aje mwenyewe," alisema. Kisha akashusha sauti. "Na nikuombe, usimharakishe. Nafasi ya pili ni moja tu. Kabla yako alikuwa marehemu mume wake. Kila mwaka tulimkumbusha amtoe, kila mwaka anasema bado. Siku aliyokuandika wewe ndiyo aliyomtoa."

Fundi alitoka pale hajui anakanyaga wapi. Alimkuta Mama mkwe anapiga pasi. Akasimama mlangoni kama mgeni.

"Karani amesema mengi, eh?" Mama mkwe akasema, bila kuinua macho.

"Mama, sikujua nimewekwa mahali pa nani."

"Ungejua ungekataa." Alikunja shuka, akaibonyeza kwa kiganja. "Lile jina lilikuwa linanikalia pale, haliwezi kununua hata chumvi. Nikawa nalitazama kila mwezi. Binti yangu alipokuja analia, nikaona marehemu baba yake angenigombeza. Alikupenda wewe kuliko nilivyokupenda mimi, ukweli ndio huo. Mimi nimechelewa tu."

Machozi yalimtoka Fundi, mtu mzima na ndevu zake, wala hakuyafuta. "Asante, Mama," alisema. "Sina cha kukulipa. Asante sana."

"Na ulikwenda benki kufanya nini?"

"Kujitoa kwenye kadi yako."

Mama mkwe aliweka pasi chini.

"Ujitoe uende wapi?" alisema. "Kaa, chai iko tayari."