Kielelezo Namba Saba

Kila Jumapili saa kumi na mbili unusu jioni, Patrobas alipanda juu ya kiti, akafungua kufuli mbili za kasha la chuma na kuwasha televisheni ya ukumbi wa jamii, Shauri Moyo. Ilikuwa televisheni ya rangi nyeusi na nyeupe na ilichukua dakika nne kupata moto. Katika dakika hizo watu waliburuta mabenchi, akina mama waliotoka kanisani walivua viatu, na Mzee Mbithi alifunga kifungo cha juu cha koti, akaenda kusimama upande wa kulia wa kasha, mikono nyuma.

Mbithi alikuwa mkalimani wa korti kwa miaka ishirini na saba. Alistaafu mwaka 1984 akapewa saa ya ukutani. Mchezo wa kuigiza wa Jumapili ulikuwa wa Kiingereza, umenunuliwa ng'ambo, na wengi pale ukumbini hawakukifuata Kiingereza cha watu wenye haraka. Kwa hiyo Mbithi alitafsiri. Hakulipwa. Hakujua tu jinsi ya kukaa kimya karibu na watu wawili wanaozungumza Kiingereza.

Mchezo wenyewe ulihusu tajiri wa benki mwenye nywele za mvi. Alichukua akiba za watu, akazipitisha kutoka kampuni moja hadi nyingine mpaka hakuna aliyejua ziko wapi. Nyuma yake alikuja mwendesha mashtaka mwembamba, mwenye suti moja, ambaye hakuonekana akila. Watu wa Shauri Moyo waliufuata mchezo huo kama kesi yao. Mwezi wa tatu mwaka ule wa 1986, kampuni ya fedha ya Nguzo Tano ilikuwa imefunga milango, na nusu ya watu waliokaa kwenye yale mabenchi walikuwa wameweka pesa humo. Mkurugenzi wake, Matheka, alizaliwa safu ya tatu ya nyumba nyuma ya ukumbi. Waendesha mashtaka wa serikali walisema wanatafuta ushahidi. Baadaye walisema wanatafuta faili. Baadaye hawakusema kitu.

Wiki mbili za kwanza Mbithi alipata taabu. Kortini alifundishwa kutodondosha hata neno moja, na watu wa televisheni walimwacha nyuma. Jumapili ya tatu mwendesha mashtaka aliuliza swali, akatazama upande wa kulia wa kioo, akangoja. Mbithi akamaliza kutafsiri. Tajiri akajibu, naye akangoja. Tangu hapo wakawa wanangoja kila mara.

"Sasa wamepata adabu," alisema Patrobas.

Mbithi hakuona ajabu. Hata majaji walikuwa wakimngoja. Shida ilikuwa moja tu: mchezo wa dakika hamsini ulichukua saa moja na nusu, na mara nyingine msomaji wa habari alionekana pembeni mwa kioo, ameketi tayari, akipanga karatasi zake na kuangalia saa.

Jumapili ya sita mwendesha mashtaka alisimama mbele ya jaji akasema hana shahidi. Waliopoteza pesa, alisema, wengine wameogopa na wengine wamekufa. Kisha akageuka akatazama nje ya kioo.

"Wakili wa serikali anauliza kama kuna shahidi," alisema Mbithi, akayageukia mabenchi kama alivyozoea.

Nakhumicha akasimama.

Watu wote walimjua. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kuuza kachumbari soko la Burma, mbele ya bucha, kwa watu wanaokula nyama choma. Mumewe, Mulama, alifia kiwandani, na kiwanda kikamlipa fidia. Matheka alikuja mwenyewe matangani, akala, akaomba, akamshauri mjane aziweke pesa zile Nguzo Tano zizae, watoto wasome. Nakhumicha akaziweka zote. Matheka aliendelea kuja Burma kila Jumamosi baada ya kampuni kufungwa. Aliagiza mbavu. Nakhumicha alimpelekea kachumbari, kwa sababu mteja wa bucha ni mteja wa bucha, na mwenye bucha ndiye mwenye nafasi ya kuweka beseni lake. "Ongeza pilipili, Mama Nalianya," Matheka alimwambia kila mara. "Mambo yatakuwa sawa."

"Njoo mbele," alisema Mbithi. "Si hapo, unafunika kioo. Hapa. Nani ana Biblia?"

Biblia ingekosekanaje, siku ya Jumapili? Zilitolewa tisa. Nakhumicha aliapa. Alieleza kuhusu kiwanda, fidia na matanga, na Mbithi akayageuza yote kwa Kiingereza bila kuongeza chumvi. Mwendesha mashtaka aliandika. Kisha wakili wa yule tajiri akainuka, akakohoa, akauliza jambo huku akitabasamu.

"Anauliza kama unajua kusoma," alisema Mbithi.

"Mwambie nasoma Biblia na bei ya nyanya. Muulize yeye nyanya ni pesa ngapi leo."

Mbithi akatafsiri. Jaji akangoja mpaka mwisho wa sentensi, kisha akacheka. Wakili akakaa chini.

"Mjulishe kitunguu pia kimepanda!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Kimya kortini," alisema Mbithi bila kugeuka.

Mwendesha mashtaka alinyoosha mkono. Alikuwa anaomba cheti ambacho Nguzo Tano ilimpa Nakhumicha siku aliyoweka pesa. Nakhumicha alikuwa nacho kifuani, ndani ya karatasi ya nailoni. Alitembea nacho wiki hiyo kwa sababu ofisi ya mfilisi, iliyopewa kazi ya kugawa kilichobaki cha Nguzo Tano, ilikuwa imebandika tangazo: kila mwenye dai alete cheti halisi kabla ya mwisho wa mwezi. Alipanga kukipeleka Jumanne.

"Nimpe nakala ya kivuli, Mzee? Ninacho nyumbani, nilikipiga kule posta."

"Korti haipokei kivuli," alisema Mbithi. "Miaka ishirini na saba sijaona korti ikipokea kivuli. Watakitia alama, na kesi ikiisha watakurudishia."

"Wanarudishaga?"

"Kwa barua. Lazima warudishe. Ni sheria."

Mwendesha mashtaka alikuwa bado amenyoosha mkono. Nakhumicha alimtazama.

"Hawa wa serikali yetu nimeenda kwao mara nne," alisema. "Hakuna aliyeniuliza jina. Huyu ameniuliza."

Akapanda kiti cha Patrobas, akakiweka cheti juu ya kioo. Yule mwembamba akakipokea. Karani wa korti kule ndani akakipiga muhuri, akasema kwa sauti, na Mbithi akatafsiri: "Kielelezo namba saba." Kioo kilibaki na unyevu kidogo mahali mkono ulipopita. Patrobas akakipangusa kwa mkono wa shati.

Hukumu ilisomwa Jumapili ya kumi. Tajiri wa mvi alipatikana na hatia, miaka kumi na minne na kazi ngumu. Jaji alisema ushahidi uliomfunga ulikuwa wa mjane wa Shauri Moyo. Wanawake walipiga vigelegele, Patrobas akanunua kreti ya soda kwa mkopo, na msomaji wa habari akaanza kazi saa mbili na robo, amekunja uso.

Jumapili iliyofuata, saa ile ile, kulikuwa na kipindi cha ufugaji wa kuku.

Mbithi aliandika barua kwenye stesheni ya televisheni akiomba kielelezo kirudishwe. Baada ya wiki tatu alijibiwa kwamba mchezo ni mali ya kampuni ya ng'ambo, nao walikuwa wameukodi tu. Akaandika ng'ambo. Huko hawakujibu.

Lakini kesi haikutoka kabisa kwenye ile televisheni. Pembe ya chini, kushoto, yule tajiri alibaki, amevaa nguo za jela, akiponda mawe. Pembe ya kulia ilibaki meza ya karani wa korti, faili limefunguliwa, na juu yake cheti cha Nakhumicha kikionekana wazi, jina, tarehe na sahihi ya Matheka. Viliendelea kuwepo hata wakati wa habari na wakati wa kwaya. Mpira ulipooneshwa, yule mfungwa alikuwa anaziba sehemu ya kupigia kona, na watu walilalamika mechi mbili hivi, kisha wakazoea. Mpira ukienda upande ule walisema tu, "Uko kwa mfungwa."

Mwezi wa kumi na mbili kulikuwa na harambee ya kupaka ukumbi rangi. Mgeni wa heshima alikuwa Matheka. Alikuja na gari mbili, na kwenye ile ya pili mlikuwa na televisheni mpya ya rangi. Alihutubia kwa Kiswahili, akatia na Kikamba, akasema yeye ni mtoto wa hapa, na mtoto wa hapa hawezi kuwaacha wazazi wake watazame dunia bila rangi. Watu walipiga makofi. Mtu asije akadhani walikuwa wajinga. Televisheni ilikuwa kubwa, na rangi zilikuwa nzuri.

Kabla ile kuukuu haijashushwa, Matheka alisogea karibu akamtazama yule mfungwa. Alimtazama muda mrefu, mikono mfukoni.

"Huyu anafanya kazi vizuri," alisema.

Kisha akatazama pembe ya kulia, akaona sahihi yake. Akatoa kitambaa akafuta jasho la shingo, akauliza choo kiko wapi.

Patrobas aliuliza ile kuukuu ipelekwe wapi. Nakhumicha akasema apewe yeye. Hakuna aliyepinga.

Asubuhi ya Jumatatu alikodi mkokoteni, akaifunga televisheni kwa kamba, yeye na Mbithi wakaisindikiza mpaka mjini, ofisi ya mfilisi, orofa ya pili. Haikuwa imechomekwa popote lakini mfungwa aliendelea kuponda mawe, na kwenye ngazi watu waliwapisha. Karani wa ofisi alikuwa kijana msafi mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Mama, mwisho wa madai ulikuwa mwezi wa tisa."

"Nililijua tangazo. Cheti kilikuwa kortini."

"Korti gani?"

Mbithi akaelekeza kidole. Karani akavaa miwani, akainama, akasoma kwa makini kupitia kioo. Akalinganisha na daftari lake.

"Nakiona," alisema. "Namba ni sawa, na jina ni sawa. Hata sahihi ni yake. Kwa mtu aliyekwama kortini tunaweza kuongeza muda. Sina ubishi na wewe, mama."

"Basi andika."

"Siwezi kuandika kabla sijakipiga muhuri. Muhuri lazima uguse karatasi."

Alikuwa mtu mwema. Alijaribu. Aliulowesha muhuri wino, akaubandika juu ya kioo, mahali palepale, akabonyeza. Waliinama wote watatu kutazama. Wino ulikuwa juu ya kioo na cheti kilikuwa nyuma yake, safi. Karani alichukua pamba na spiriti akaufuta.

"Mwambieni aliye ndani akisogeze nje," alisema.

Mbithi akamwita karani wa korti kwa Kiingereza, kwa heshima zote za kazi. Kiti cha karani kilikuwa kitupu. Kesi ilikuwa imekwisha, watu walikuwa wamekwenda nyumbani. Mfungwa peke yake alisikia. Aliacha kuponda, akanyanyua uso, akaitazama ile meza. Mnyororo wa mguu wake haukufika mezani.

"Mkifanikiwa, rudini," alisema karani wa mfilisi, akaita mtu mwingine.

Gharama ya mkokoteni kurudi alilipa Mbithi. Walipofika Burma alisimama.

"Mama Nalianya, kosa ni langu. Ningekuacha utoe kivuli."

"Kosa lako ni kuijua sheria," alisema Nakhumicha. "Shika kamba, isianguke."

Televisheni ilikaa juu ya meza chumbani kwake, kando ya stovu. Nguo ya meza ilikuwa fupi, akaiongeza kwa shuka. Watoto walifanya kazi ya shule kwa ule mwanga wake, ulikuwa unatosha. Wa kwanza, Nalianya, hakurudi shule mwezi wa kwanza. Alianza kukata vitunguu pamoja na mama yake. Jumamosi moja ya mwezi wa pili Matheka alikuja na wageni wanne, akaagiza mbavu kilo tatu. "Ongeza pilipili," alisema. "Na huyu ni binti yako? Amekuwa mkubwa." Nakhumicha akaongeza pilipili.

Kesho yake, baada ya kanisa, Mbithi alipitia pale kwa Nakhumicha kunywa chai, kama alivyofanya kila Jumapili tangu walipotoka mjini. Mfungwa alimwona. Akaweka nyundo chini na kwa mara ya kwanza tangu hukumu akasema. Alisema kwa muda mrefu, akipumzika kila baada ya maneno machache ili mkalimani amfikie.

Mbithi aliweka kikombe, akasimama upande wa kulia wa televisheni, mikono nyuma.

"Anasema yeye si mwenye benki. Ana mke, na ana deni la nyumba huko kwao. Aliajiriwa wiki kumi akae kizimbani. Wenzake wote walilipwa wakaenda. Anauliza kama kuna mtu anayejua kwamba yuko hapa."

Nakhumicha alikuwa anachambua mboga. Alimtazama yule mtu, mvi zake ambazo sasa zilikuwa zimeanza kuonyesha weusi kwenye mizizi, na viganja vilivyochubuka.

"Muulize kama aliiba."

Mbithi akauliza.

"Anasema hapana."

"Najua hakuiba. Aliyeiba nimempelekea kachumbari jana." Akaendelea kuchambua. "Mwambie sisi tunajua yuko hapa. Mwambie amebakisha miaka kumi na mitatu na miezi minane."

Mbithi akayageuza yote kwa Kiingereza, bila kuongeza na bila kupunguza. Yule mtu alingoja mpaka neno la mwisho. Kisha akainama akaokota nyundo.