Akaunti ya Bibi Hakuna

Mikono ya sweta lake ilikuwa bado na unyevu wa mvuke alipofika dirisha la nne la benki. Tangu alfajiri alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli kwenye kiwanda cha kufulia, na msimamizi alimpa ruhusa ya saa moja tu, saa ambayo ingekatwa kwenye mshahara. Dakika arobaini zilikwisha kwenye foleni. Akapenyeza kibali chake cha kuishi chini ya kioo. Kibali kilikuwa kinaisha Ijumaa, na leo ni Jumanne.

"Nataka barua tu," alisema, kwa lugha ya wenyeji aliyoiokota kazini neno hapa neno pale. "Barua kwamba akaunti ni yangu. Uhamiaji wanaitaka ndipo waniongezee kibali."

Karani, binti mwenye kucha za zambarau, akatazama kibali, akatazama kompyuta, akatazama kibali tena.

"Akaunti hii ni ya Bibi Hakuna."

"Ndiye mimi."

"Kibali hakisemi hivyo."

Na kweli hakikusema. Kisa chenyewe kilikuwa cha kuchekesha, kwa yeyote asiyehusika. Miezi minane nyuma alikuja kufungua akaunti kwa sababu kiwanda hakilipi mkononi. Alisindikizwa na mwenzake wa kazini, mama wa makamo ambaye watu wote wa kwao walimwita Shangazi, na Shangazi ndiye aliyekuwa akitafsiri. Karani wa siku ile, kijana mwenye haraka zake, aliuliza jina lake, akaandika. Jina la baba, akaandika. Kisha akataka jina la ukoo. Sasa kwao mtu hubeba jina lake, la baba na la babu, basi; ukoo haukai kwenye karatasi. Akamgeukia Shangazi akamwambia kwa Kiswahili, "La ukoo? Mwambie hakuna." Kijana hakungoja tafsiri. Aliandika alichosikia, herufi sita, akagonga muhuri.

Walicheka njia nzima mpaka kituo cha basi. Kazini jina likamganda: Hakuna, lete kikapu, Hakuna, pasi inaunguza. Mwenyewe akawa anaitika. Mshahara uliingia, kadi ikatoa, na kila mwezi mama yake alipata ya dawa na ya ada ya mtoto aliyemwachia. Nani aanze kusumbuana na benki kwa ajili ya herufi sita? Mpaka wiki tatu zilizopita, benki ilipoamua kukagua akaunti zote za wageni. Mashine ikaimeza kadi yake na haikuitema.

"Mshahara wangu wa mwezi huu mmeupokea?" aliuliza.

"Umeingia."

"Umeingiaje, kama mimi siye?"

"Kuingia, pesa zinatumia namba," karani akasema, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. "Kutoka, zinatumia jina."

"Basi rekebisheni hilo jina. Mliliandika ninyi."

"Marekebisho yanaombwa na mwenye akaunti. Aje mwenyewe na kitambulisho chake."

"Mwenye akaunti si huyu hapa amesimama!"

Mlinzi wa mlangoni akakohoa. Karani akarudisha kibali chini ya kioo kwa ncha ya kucha.

"Au ulete hati ya ubalozi wenu, kwamba wewe na Bibi Hakuna ni mtu mmoja."

Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka. Akazimeza. Alikuwa mgeni, na mlinzi alishasogea.

Jumatano alikosa kazi siku nzima kwenda ubalozini, Shangazi ubavuni. Afisa wa pale alikuwa mtu wa kwao kabisa, mwenye tai na kikombe cha chai. Aliposikia kisa alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"We dada we! Hakuna?"

"Hivyo hivyo, kaka. Niandikie mistari miwili tu."

"Niandike nini, dada yangu? Mtu huyo hayupo. Nitathibitishaje kwamba mtu asiyekuwepo ni wewe?" Akashusha sauti. "Labda namna ipo. Lakini namna nayo ina gharama zake, unanielewa."

"Pesa zangu zote ziko benki, kaka."

"Basi katoe, halafu tuongee."

Shangazi akamkazia macho. "Mwanangu, zingekuwa zinatoka, tungekuja kwako?"

Afisa hakucheka tena. Aliangalia saa yake, akaita mwingine.

Alhamisi akarudi benki na barua ya msimamizi wa kiwanda. Safari hii alipelekwa mpaka kwa meneja, akapewa na kiti. Meneja hakuifungua barua. Alisema suala limeshapelekwa makao makuu, majibu ni siku thelathini za kazi.

"Kibali kinaisha kesho, mzee."

"Kikiisha, akaunti inafungwa yenyewe. Ni mfumo, mama. Sio mimi."

Hapo ndipo woga ulipomshika hasa. Bila barua, kibali hakipo. Bila kibali, akaunti haipo. Akiba ya miezi minane ya mvuke na vidole vilivyobabuka ilikuwa imekaa salama mahali ambapo yeye tu ndiye asiyeweza kufika. Usiku ule alimpigia mama yake simu akamdanganya kwamba mtandao wa benki unasumbua.

Ijumaa, ofisi ya uhamiaji, aliitwa mezani kabla hata hajavuta pumzi. Akatandaza karatasi zake zote, za mshahara na za kodi ya chumba.

"Barua ya benki?" afisa aliuliza.

"Wanasema siku thelathini. Niongezee hizo tu, tafadhali."

"Sheria hainipi."

Hakumfokea. Alibonyeza mahali, karatasi ikatoka kwenye mashine ikiwa na joto. Akasoma majina yake yote matatu, taratibu, hata lile la babu ambalo katika nchi ile hajawahi mtu kulipatia.

"Ndiye wewe?"

Alingoja adaiwe hati, muhuri, shahidi. Afisa hakudai kitu.

"Ndiye mimi."

"Una siku kumi na nne uwe umetoka nchini. Sahihi hapa."

"Na mshahara wangu?"

"Hilo ni la benki."

Kalamu ilikuwa imefungwa kwa mnyororo mfupi, ikabidi ainame kuifikia. Akatia sahihi. Afisa akaichukua karatasi, akailinganisha na kibali, mstari kwa mstari, akaitikia kwa kichwa.

"Inafanana," alisema, akagonga muhuri.