Kadi Iliyozikwa Chini ya Mndimu

Kwa mama mkwe wangu, Bi Khamisa, deni likishalipwa haliachwi hivi hivi. Linazikwa. Ndivyo alivyokuwa akifanya baba yake dukani kwake Ng'ambo, Unguja, na ada hiyo Bi Khamisa amekuja nayo mpaka huku Nizwa, Omani: karatasi ya deni inachanwa, inafukiwa chini ya mti, watu wanakula halwa, wanakunywa kahawa, basi.

"Deni lisilozikwa hufufuka," husema, na hakuna anayembishia.

Basi Ijumaa moja baada ya alasiri tulikaa uani, kwenye nyumba yetu ya kupanga Firq, nyuma ya magereji. Mimi, mume wangu Zakariya, binti yetu Hala, na Bi Khamisa na mkasi wake wa kukatia samaki. Maiti walikuwa wawili: kadi zangu mbili za mkopo, zote nimeshazimaliza kulipa. Ya kwanza niliichukua nilipopata kazi ya mapokezi kwenye zahanati Izki, kabla sijaolewa. Ya pili niliichukua Hala alipozaliwa kabla ya siku zake, tukawa tunahangaika na hospitali. Nilikuwa na ya tatu pia, niliyolipia masomo yangu ya jioni, lakini hiyo ilikuwa bado na deni, kwa hivyo haikuhusika na mazishi.

"Bismillahi," akasema Bi Khamisa, akazikata vipande vipande. Hala akapiga makofi. Zakariya alichimba kishimo chini ya mndimu, tukafukia.

"Na benki umewaambia?"

"Nimewapigia asubuhi, mama. Nimewaambia wazifunge zote mbili."

"Ahsante mwanangu. Sasa niko tayari kuhama. Deni la nyumba halinitishi, nyumba inaonekana, mtu anaingia analala. Lakini hivi vikadi! Mie sihamii nyumba mpya na mlango wa deni uko wazi, wallahi sihamii."

Nyumba yenyewe ilikuwa Birkat al Mauz, chini ya mlima. Vyumba viwili na ukumbi, migomba nyuma, na mfereji wa falaji, maji ya mlimani ya kugawana, unapita kando ya ukuta. Ya Mzee Hamdun, rafiki wa marehemu baba yangu, ambaye alikuwa anahamia Sur kwa binti yake. Sikuitaka kwa uzuri wake. Niliitaka kwa kifua cha Hala. Hapa Firq, mashine za kuchomea vyuma zikianza asubuhi na vumbi likipanda, mwanangu anakohoa mpaka midomo inabadilika rangi. Kila tulipokwenda kumsalimia Mzee Hamdun, Hala alilala mchana kwenye mkeka, kifua kinapanda na kushuka taratibu, mimi nimekaa pembeni namsikiliza anavyopumua kama mtu anayesikiliza Kurani.

Mzee Hamdun alikuwa ametuambia atatungoja mpaka Ramadhani ikikaribia. Baada ya hapo, kuna tajiri mmoja anataka kununua, na pesa zake ziko mkononi. Na mkopo wa kuinunua ulikuwa wa jina langu, maana mie nina mshahara wa kila mwezi, na gereji ya Zakariya mara ina magari, mara ina paka tu. Benki walishaniangalia kabla, wakanambia mshahara unatosha na alama yangu ya ukopaji, ile namba ya kupima uaminifu wa mkopaji, ni nzuri. Nilijua nikishazifunga kadi itakuwa nzuri zaidi. Nani asingedhani hivyo? Mtu aliyefunga milango ya deni si ndiye msafi kuliko wote?

Wiki iliyofuata nikaenda benki kupeleka maombi. Aliyenipokea ni Dalal, binti mdogo, abaya yake imenyooka, bibi yake alitokea Kigoma, kwa hivyo tulichanganya Kiswahili na Kiarabu bila kuoneana haya. Akaandika, akangoja, akatazama kompyuta. Kisha akaacha kutabasamu.

"Dada Badriya, alama imeshuka."

"Imeshuka vipi? Mimi nimelipa!"

"Umelipa, mashallah. Hujachelewa hata mara moja, naona hapa. Lakini umefunga kadi."

"Ndiyo, nimefunga! Nimezikata na mkasi!"

Akajizuia kucheka, hakuweza. "Habibti, sikiliza. Hii alama inaangalia mambo mengi. Kwanza, unalipa kwa wakati? Wewe unalipa. Pili, katika limiti yote uliyopewa, yaani mwisho wa unachoruhusiwa kukopa, unatumia kiasi gani? Kadi yako ya masomo ina deni. Zamani ulikuwa na kadi tatu, na ukijumlisha limiti zote, lile deni lilikuwa kitu kidogo. Sasa kadi ya hospitali imeondoka na limiti yake. Deni ni lile lile, halikuongezeka hata baisa. Lakini sasa linakaribia nusu ya ulichobakiwa nacho. Anayetazama kwa mbali anasema, huyu mama amebanwa."

 Nilikuwa nimesoma uhasibu kidogo madarasa ya jioni, kwa hivyo hesabu niliielewa mara moja. Iliyonipiga ni ile hali yenyewe: kwamba niliposhukuru kwa kulipa, namba ilisikia kinyume.

"Kwa hivyo kufunga ni kosa?"

"Si kosa. Kadi yenye ada kubwa, au inayokutia tamaa, ifunge, upate amani. Lakini si wiki moja kabla ya kuomba nyumba." Akasogea karibu na kioo. "Na jambo la tatu ni umri. Wanatazama umeanza lini kuaminiwa. Bahati yako hii ya zamani, ya Izki, haikufungwa."

"Imefungwa. Imo chini ya mndimu."

"Kadi iko chini ya mndimu. Akaunti iko hapa." Akaigeuza kompyuta kidogo nione. "Ya hospitali uliithibitisha kwenye simu yako. Hii uliomba ifungwe, tukatuma meseji kwenye namba yake ya zamani, hakuna aliyejibu. Ombi likakaa, likaisha muda wake. Ingefungwa na hii, hali ingekuwa mbaya zaidi."

Nikatazama. Mwezi baada ya mwezi, tangu nilipokuwa msichana wa zahanati: petroli, dawa ya mama mzazi, viatu, maziwa ya unga ya Hala. Kila mstari, mbele yake: imelipwa. Imelipwa. Imelipwa. Ile miezi ambayo nilikuwa nalipa huku nimemshika mtoto kwenye mrija wa oksijeni, ambayo mwenyewe nimeisahau, ilikuwa pale.  Nilidhani ule uaminifu ulikuwa siri yangu na Mola wangu. Kumbe palikuwa na mahali pengine pia, padogo, pa kidunia, palipokuwa panaukumbuka.

"Meseji mlituma namba gani?" nikauliza.

Akanisomea. Ilikuwa namba ya baba yangu, Harub. Yeye ndiye aliyenipeleka benki siku ile ya kwanza, na mimi sikuwa na laini ya jina langu, tukaandika ya kwake. Baba amefariki, na simu yake anayo kaka yangu Hood huko Ibra. Haizimi, maana wazee wenzake wengine hawajapata habari, bado wanapiga kumjulia hali.

Nilipotoka nje nikampigia Hood.

"Hood, Ijumaa iliyopita simu ya baba iliingia meseji ya benki?"

"Iliingia. Ati thibitisha kufunga kadi, weka namba. Nikaifuta. Nikasema matapeli hawa, khalas, hata maiti hawamwachi!"

Nikakaa kwenye gari, nikacheka mpaka nikalia. Watu wote tumeonywa juu ya meseji za matapeli, na kaka yangu, ambaye amewahi kumtukana mpaka mtu wa umeme aliyekuwa mkweli, mara hii ukaidi wake umetuokoa. Na simu ya baba, mwenyewe yuko kaburini kule Ibra hana habari, imekataa kunifungia mlango alionifungulia mwenyewe.

Dalal alikuwa amenambia la kufanya: nisifunge kitu kingine, nisiombe kadi mpya, nipunguze lile deni la masomo kadiri niwezavyo, nilete maombi tena mwezi ukigeuka, taarifa mpya zikishaingia. Lakini mwezi ukigeuka, Ramadhani itakuwa mlangoni. Nikageuza gari kuelekea Birkat al Mauz.

Mzee Hamdun alikuwa bustanini, kanzu ameikunja mpaka magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti Harub. Uso umekukunjamana, kulikoni?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza akitazama maji, hakuniahidi kitu. Pale alipokuwa amesimama falaji inagawanyika. Mkondo mmoja ulikuwa umejaa, unakwenda kwa migomba yake. Wa pili ulikuwa mkavu, majani makavu ndani yake, mjusi analala.

"Huo wa nani?" nikauliza, kwa kutafuta la kusema tu.

"Wa jirani, yuko Maskati. Bustani yake hailimi mwaka wa ngapi huu."

"Mbona hamuuzibi?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza mbona hatuubomoi msikiti siku isiyo Ijumaa. "Tuuzibe? Mkondo una haki yake hapa tangu babu wa babu yake. Haumdhuru mtu. Siku akirudi, afungue tu. Ukishauziba na ukasahauliwa, kuurudisha ni kazi ya watu wengi."

Nikainama, nikatia mkono kwenye ule mkavu. Saruji ilikuwa ya baridi, imelainika kwa maji ya watu ambao majina yao hakuna ayajuaye. Mlima mzima juu yangu, na maji yanatoka tumboni mwake yanakuja taratibu, yanajua njia, kwa sababu tu watu hawakuacha kuyaamini.  Subhanallah ndiyo iliyotoka.

"Mwambie Zakariya," akasema Mzee Hamdun baadaye, akinimiminia kikombe cha kahawa, "yule tajiri anataka nyumba kwa ajili ya kukodishia watalii. Nitamwambia angoje mpaka mwezi uandame. Zaidi ya hapo, binti Harub, siwezi. Sur wananingoja."

Likabaki moja, na ndilo nililokuwa naliogopa. Bi Khamisa alikuwa jikoni anakaanga sambusa za mazoezi, kama anavyoziita kabla ya Ramadhani. Nikamwambia huku nimesimama mlangoni.

"Mama, ile kadi ya Izki. Haikufa."

Mwiko ukasimama. "Vyereje haikufa? Si nimeikata mwenyewe?"

"Umeikata mama, lakini benki bado wanaihesabu iko hai. Na wamenambia niiache."

"Nilisema mie! Limefufuka!"

"Si deni, mama. Haina deni hata baisa moja. Ni mlango tu."

"Mlango wazi ndio nilioukataa! Niliapa!"

Zakariya akaingia akanawa mikono yake yenye grisi. "Mama, uliapa juu ya mlango wa deni. Huu ni mlango wa nyumba."

"Weye nyamaza, fundi wa maneno. Injini zimekushinda unatengeneza viapo vya watu?"

Nikakaa chini karibu naye. Nikamweleza miezi yote ile, mstari kwa mstari, imelipwa, imelipwa. Nikamwambia kuhusu baba yangu na simu yake. Nikamwambia wale watu wa benki hawanijui, hawajapata kuniona, lakini wanajua kwamba mwezi Hala alipokuwa kwenye mashine mimi nililipa tarehe yake. Bi Khamisa akawa anageuza sambusa, hanitazami.

Kisha chumbani Hala akaanza kukohoa. Kile kikohozi kirefu. Sote watatu tukakisikiliza mpaka kikaisha.

Bi Khamisa akazima jiko.

"Baba yangu," akasema polepole, "alikuwa akifukia karatasi. Lakini jina la mtu hakulifuta. Mtu aliyelipa vizuri, akija tena dukani baada ya miaka, baba anamwambia: karibu, wewe nakujua." Akajipangusa mikono. "Kwa hivyo hiyo kadi inasema, huyu namjua?"

"Ndivyo mama."

"Basi mwacheni akae. Kiapo changu nitakifungia siku zake tatu za kafara." Halafu akamgeukia mwanawe. "Na weye Zakariya, ile pesa ya safari ya Salala, ipeleke kwenye deni la masomo la mkeo. Salala mvua zitanyesha na mwakani."

Zakariya alipeleka. Bi Khamisa akafunga siku zake, na kila magharibi aliniuliza namba imefika wapi, kama anayeuliza mgonjwa amekula nini. Mwezi ulipogeuka nikarudi kwa Dalal. Aliandika, akangoja. Nikawa natazama uso wake, si kompyuta. Tabasamu ndilo lililotangulia.

"Imepanda," akasema. "Haijafika ilipokuwa, lakini inatosha."

Inatosha. Nimejifunza maneno mengi madarasa ya jioni, sijapata kusikia zuri kama hilo.

Tulihamia kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, Mzee Hamdun akanikabidhi ufunguo akaingia kwenye gari la binti yake. Jioni ile Hala alilala mapema, dirisha wazi, maji yanapita ukutani. Nilikaa chini nikasikiliza kifua chake. Hakuna kilichokwaruza.

Bi Khamisa akapita na chetezo cha udi, akafukiza pembe zote nne, akasimama juu yetu.

"Hiyo kadi yako ya Izki, hajambo?"

"Hajambo, mama. Benki wamenipa plastiki nyingine ya akaunti ile ile; leo nimetia petroli kidogo kwayo isilale, nimelipa papo hapo."

"Isalimie," akasema, akaendelea na udi wake.