Usimtanie Asiyejua Utani

Kuna maneno ukishayasikia hayatoki tena sikioni. Rudaina aliyapata kwa jirani yake Intisari, siku ya kuchemsha ngano ya akiba kabla ya kuianika, wanawake wamezunguka sufuria kubwa uani. Ati bonde la pili kuna mtoto akiitwa anacheka, akitumwa anakwenda, wazazi wakawa wanajisifu. Kumbe hasikii hata radi. Alikuwa akisoma mikono ya mama yake tu. Walipokuja kugundua, meno ya utoto yameshaanza kung'oka.

"Nani kakwambia?" Rudaina aliuliza.

"Watu."

"Watu gani?"

"We nawe! Watu wana majina?"

Rudaina alicheka na wenzake, lakini neno lilimkaa. Binti yake Juri ndiyo kwanza alikuwa anaimudu miguu, na neno lake lilikuwa moja tu, "ba": mkate ni ba, paka ni ba, baba naye ni ba. Akiambiwa lete kiatu, analeta. Lakini je, si huonyeshwa kiatu chenyewe kwa kidole? Si mama mtu hukitazama?

Nyumbani Rudaina aliketi sakafuni, akaficha mikono nyuma, akafumba macho.

"Juri, lete kiatu."

Akasema tena. Akasikia vimiguu vinasogea, moyo ukamruka kwa furaha. Alipofumbua macho, kiatu kilikuwa palepale. Mtoto alikuwa amezunguka nyuma ya mgongo wake, ameinama, anaitafuta ile mikono.

Rudaina hakumwambia mumewe Nadimu.

Kesho yake ngano ilianikwa juu ya paa. Mapaa ya kule kwao ni bapa, hayana ukuta pembeni, na la Intisari liko ng'ambo tu ya kichochoro. Mama mkwe wake Rudaina alikuwa amenyoosha miguu, anachambua mawe kwenye sinia. Juri akipita mbele yake, bibi akamwambia neno ambalo bibi wote wa kule huwaambia vipenzi vyao, maana yake mimi nitangulie, wewe ubaki:

"Nizike, roho yangu!"

Hakuinua kidole. Mikono yote miwili ilikuwa ndani ya ngano, na macho pia.

Juri akasimama. Akachuchumaa, akachota ngano kwa viganja, akammwagia bibi miguuni. Akachota tena. Kisha akapigapiga juu yake polepole, vilevile kama baba yake alivyopigapiga udongo kwenye kaburi la kifaranga, chini ya mkomamanga, akisema, "Tumzike, maskini." Siku ile ya kifaranga Juri alikuwa kiunoni mwa mama yake, ananyonya kidole, na hakuna aliyemfundisha kitu.

Rudaina, aliyekuwa akitandaza ngano upande wa pili wa paa, aliacha kazi. Neno lililosemwa juu ya kifaranga, huko bustanini, mtoto kaliokota kama kuku anavyookota punje kwenye mchanga, kaliweka, leo kalitoa likiwa zima. Nani alimwonyesha linapoanzia na linapoishia, katika mvua hii ya maneno tunayowamwagia kutwa? Mwili ulimsisimka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha mtoto akakuta ndani mna mji mzima.

"Anasikia! Mama, anasikia!"

"Kwani nani alisema hasikii?" alijibu mama mkwe, miguu imefukiwa. "Mimi ndiyo nazikwa hapa, na hamna hata wa kunililia!"

Intisari alisikia vicheko, akaja kwenye ukingo wa paa lake na ufagio mkononi. "Kafanya nini huyo mchumba wa mwanangu?" Alipoelezwa akapiga kigelegele, akatupa ufagio, akafungua mikono. "Basi ruka uje huku, nikutafune mashavu!"

Juri akageuka, akaenda. Hakukimbia. Alikwenda kama mtu aliyetumwa.

"Usiruke!" Rudaina alipiga kelele. "Juri, usiruke! Usiruke!"

Na mtoto, kila alipopigiwa kelele, akasikia ruka, ruka, ruka. Akafika ukingoni, akakunja magoti.

Ngano yote ilikuwa kati yake na mama yake. Mbio zisingefua dafu. Intisari ng'ambo amekauka, mikono bado wazi. Ulimi wa Rudaina ukatapatapa, ukakutana na neno la kila siku mbele ya chakula, likatoka kwa sauti ya chini, ya kila siku.

"Kaa, mama. Kaa."

Juri akakaa. Pu! Akaketi vimiguu vikining'inia kichochoroni, kinywa wazi, anangoja tonge.

Rudaina alimfikia kwa magoti, akamvuta kwa nguo. Aliyelia zaidi ni Intisari.

Basi nyinyi wenye watoto wa umri huo, epukeni haya:

Usiseme hajui kwa sababu hasemi.

Usimtume kwa kidole kila mara; mtume na kwa neno tupu. Ukiona mashaka usingoje maneno ya majirani, mpeleke akapimwe masikio.

Usimwambie kwa mzaha jambo usilotaka alifanye, wala usiwaache wageni wakamwambia.

Usimwite akiwa ng'ambo ya shimo, moto, maji au barabara. Mfuate wewe.

Usimpigie kelele za usi-hivi na usi-vile penye hatari. Mwambie la kufanya: kaa, simama, njoo. Na maneno hayo usingoje siku ya hatari kumzoesha.